Jirani Yako Amekwisha Kubali

Watu walimwita Mama Redio, tena kwa haki kabisa. Tangu mumewe afariki, redio yake ilikuwa haizimwi mchana kutwa. Msomaji wa habari akisema mvua itanyesha, yeye humjibu: "Muongo wewe! Hata jana ulisema hivyo hivyo." Kisha hunyamaza, kana kwamba anangoja kujibiwa. Nani wa kumjibu? Watoto wake wawili walikuwa mbali, wanahangaika na maisha. Walipiga simu mara moja moja, wakasalimu haraka haraka, salio likaisha.

Mama Redio alifuga mbuzi wa maziwa. Kando ya banda palikuwa na kisima alichochimba marehemu kwa mikono yake. Mbuzi walikunywa hapo, na yeye alikunywa hapo. Vyombo vya maziwa vilioshwa kwa maji hayo hayo. Kisima kikiharibika, mbuzi hawapo. Na mbuzi wasipokuwapo, Mama Redio atakula nini?

Asubuhi moja akasikia hodi. Weee! Alikurupuka mpaka akamwaga maziwa. Mlangoni alisimama kijana, kofia ngumu ya njano mkononi. Gari alilokuja akiendesha alikuwa ameliacha barabarani.

"Shikamoo, mama. Natoka kampuni ya gesi. Naweza kukaa kidogo?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa! Mbona unasimama kama askari?"

Kijana alikaa. Alieleza kwamba chini ya ardhi ile kuna gesi. Kampuni ilitaka kuichimba. Mashine itasimama nyuma ya banda la mbuzi, naye atalipwa kodi ya eneo. Halafu akanywa chai, akauliza habari za watoto, akawasifu mbuzi mmoja mmoja. Jamani, ni lini mtu alikaa na Mama Redio akamuuliza amelalaje?

Kijana alirudi wiki iliyofuata, na ile iliyofuata. Siku za kuja kwake Mama Redio alifagia uwanja mara mbili na kuvaa gauni la kutokea.

"Lakini mwanangu, kisima changu je?" aliuliza siku moja. "Si mtachimba karibu mno?"

"Ondoa wasiwasi, mama. Hata jirani yako amekwisha kubali. Umebaki wewe tu."

"Mkunga? Amekubali?"

"Amekubali," kijana alisema huku akitazama kikombe chake.

Jirani huyo alikuwa mkunga mstaafu, na watu waliendelea kumwita Mkunga. Mashamba yao yalipakana, lakini wao hawakusemezana. Siku za nyuma mbuzi mmoja alitafuna shuka la Mkunga likiwa kwenye kamba. Mkunga alikuja juu. Mama Redio naye hakukubali kushindwa. Maneno yaliyotoka siku ile sitayaandika hapa. Tangu hapo kila mtu na lake, kwa hiyo Mama Redio hakwenda kuuliza.

"Basi Ijumaa nitatia sahihi," alimwambia kijana.

Na tuseme ukweli. Hakukubali kwa sababu ya kodi. Aliogopa kwamba akikataa, kijana hatarudi tena.

Kabla Ijumaa haijafika, alikuja afisa maji. Huyu alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye mabuti na sanduku la chupa, na kazi yake ilikuwa kukagua visima. Alipokuwa akiteka maji ya kupima, Mama Redio alimsimulia habari za kijana wake kwa furaha. Afisa akaweka chupa chini.

"Mashine itasimama wapi, mama?"

"Pale, nyuma ya banda."

"Pale? Mbona ni pua na mdomo na kisima?"

"Kuna ubaya gani? Gesi si iko chini sana?"

"Iko chini sana, ndiyo, chini kuliko maji yako. Kwa hiyo wakitoboa, watapita kwenye maji kwanza. Huteremsha bomba la chuma na kulizungushia saruji, ili gesi isivuje. Kazi ikifanywa vizuri, maji hubaki salama. Ikifanywa ovyo, gesi au uchafu unaweza kuingia kisimani."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Kwa kupima kabla hawajaanza. Tukipima leo, tutajua maji yalivyo leo. Yakibadilika baadaye, hakuna atakayekuambia yalikuwa hivyo tangu zamani. Haya, na kibali wanacho?"

"Hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza kama ana mchumba."

Afisa maji alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaketi juu ya sanduku lake, akaeleza taratibu.

"Sikiliza, mama. Kibali hutolewa na ofisi ya mazingira. Kabla ya kukitoa, ofisi huwaita wenye ardhi wote mkutanoni. Hapo ndipo mnapouliza. Mtachimba wapi? Maji machafu mtayapeleka wapi? Kitu kikiharibika, nani atalipa? Mnaweza kutaka mashine isogezwe, na mnaweza kukataa. Mkikubaliana, kila kitu kiandikwe kwenye mkataba, kwa lugha mnayoielewa, na wewe ubaki na nakala. Uliza kwanza. Sahihi ije mwisho."

"Lakini Mkunga amekwisha kubali."

"Amekuambia mwenyewe?"

Mama Redio alitazama chini. "Hatusemezani."

"Basi maji nitayapima mimi," afisa alisema, akainuka. "Hilo jingine liko mikononi mwako."

Mama Redio alizunguka uwanja wake kwanza. Aliona haya, aliona hasira, akaona haya tena. Mwishowe akavuka mpaka. Mkunga alikuwa akianua nguo. Alipomwona, alizikumbatia zote kifuani.

"Umekuja na yule mbuzi wako?"

"Nimekuja peke yangu. Nataka kuuliza habari za gesi. Umetia sahihi?"

"Mimi? Wewe si ndiye uliyekubali wa kwanza? Kijana ameniambia nimebaki mimi tu!"

Walitazamana.

"Mwenye kofia ya njano?" Mama Redio aliuliza.

"Huyo huyo."

Mama Redio akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Alijuaje kwamba hatutaulizana?"

"Tulimwambia wenyewe," Mkunga alisema polepole. "Mimi nilimhadithia habari ya shuka, mwanzo mpaka mwisho."

"Na mimi pia."

Wakapita nyumba kwa nyumba. Kila walipobisha hodi, walisikia maneno yale yale: jirani yako amekwisha kubali, umebaki wewe tu.

Ijumaa kijana alikuja. Mama Redio alimngoja mlangoni.

"Leo sina sahihi, mwanangu. Nina maswali. Kibali kiko wapi?"

"Bado kinashughulikiwa, mama."

"Na Mkunga alikubali lini?"

Kijana aliigeuza kofia mikononi. "Niliagizwa kusema hivyo kila nyumba," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mama." Kisha akaivaa kofia, akaondoka. Mama Redio alifungua mdomo amwite, akaufunga.

Wenye ardhi walikwenda pamoja ofisi ya mazingira. Ofisi ikaitisha mkutano, na kampuni ikabanwa maswali kuanzia asubuhi hadi mchana. Ilikubaliwa mashine isimame ng'ambo ya kilima, mbali na visima. Visima vyote vilipimwa kwanza, na kila nyumba ikapewa majibu yake. Mwenye shamba mmoja alikataa katakata, akaachwa na shamba lake. Hayo yote yaliandikwa kwenye mkataba, ndipo kibali kikatolewa.

Mashine ilinguruma kwa miezi. Iliponyamaza, afisa maji alirudi kupima tena.

"Maji yako ni yale yale, mama," alisema. "Kunywa bila wasiwasi."

Siku hiyo Mkunga alikuja kuteka maji kwa Mama Redio, maana kamba ya kisima chake ilikatika. Gari la kampuni likapita barabarani. Dereva alikuwa mtu mwingine. Mama Redio alilifuata kwa macho mpaka vumbi likatulia.

"Alinidanganya mchana kweupe," alisema. "Lakini nikisikia gari, bado natoka nje kutazama kama ni yeye. Si upumbavu huo?"

Mkunga aliinama, akatazama majini.

"Mimi sikujaliwa mtoto," alisema. "Alipokuwa akiniita mama, nilijua ni kazi yake tu. Lakini nilikuwa naitika."

Mama Redio akashika upande mmoja wa ndoo, Mkunga akashika wa pili, wakaibeba mpaka mlangoni kwa Mkunga.

"Kesho uje tena," Mama Redio alisema. "Hata kamba ikiwa imepona."