Mfuko wa Sanda

Kila asubuhi, Ruqaiya alipomtilia baba yake chai, aliuchunga mdomo wake. Baba, Mahadhi, alikuwa mkwezi, mtu wa kupanda minazi ya watu na kuangua nazi. Katika nyumba yao ya Mambrui neno "kuanguka" halikutamkwa kabla hajarudi kutoka kazini. Kikombe kikimponyoka mtu, ilisemwa kimeshuka. Kutaja balaa asubuhi ni uchuro, yaani ni kuliita lije. Wakwezi wote wa mtaa ule waliamini hivyo, na wake zao ndio usiseme.

Siku moja upepo ulikuwa umevuma usiku kucha hadi alfajiri, na makuti bado yalikuwa yakipigana juu ya paa. Mama, Mwanasiti, aliyasikiliza kwa wasiwasi. Ndipo Jedida, mhudumu wa afya wa kijiji, alipobisha hodi.

"Shikamoo, bi Jedida," Ruqaiya alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaka Mahadhi, nimekuja tena kwa lile la bima ya afya. Kujiandikisha ni bure. Mkitoa na mchango wa mwaka, mnatibiwa nyote, wewe, mkeo na watoto. Na kazi yako hii ya juu..."

"Ishia hapo hapo!" Baba alikibwaga kikombe mezani. "Asubuhi yote hii waniletea uchuro nyumbani kwangu? Mimi mzima wa afya, niweke pesa za ugonjwa? Ugonjwa gani huo unaoniombea?"

"Sikuombei, kaka. Nami nina watoto; nawezaje kuwatakia wako mabaya?" Jedida aliaga, akaenda zake.

Ruqaiya alitaka kusema kwamba hata mwalimu wao aliwaeleza habari za bima. Alimwona baba akitwaa panga na kamba kwa hasira, akaogopa, akaanza kuondoa vikombe. Mama alisimama mlangoni akimtazama mumewe hadi akapotea njiani. Hakuwa na kawaida hiyo.

Adhuhuri Ruqaiya alikuwa amerudi kutoka shuleni kula alipomwona ami Mujahid, mwenziwe baba kazini, akija mbio. Hakuwa na kofia, na shati lake lilikuwa na damu.

"Shemeji," alimwambia mama. "Mahadhi... ameshuka."

Mama alipiga ukelele uliowatoa majirani majumbani.

Katika hospitali moja mjini Malindi, daktari alisema mfupa wa paja umevunjika vibaya. Bila upasuaji wa haraka, mguu ungeweza kupotea, na hata roho. Kwenye dirisha la malipo, karani aitwaye Zipporah aliuliza kama wana bima. Mama akatikisa kichwa. Alipotajiwa gharama, alikaa kwenye benchi.

"Hata tuuze nyumba haitoshi!" alilia.

"Sikiliza, mama," Zipporah alisema kwa upole. "Naweza kuwaandikisha sasa hivi, bure. Lakini kujiandikisha peke yake kutawafaa zahanati ya kijijini tu. Bima haiwezi kulipia upasuaji kabla mchango haujalipwa, na wasio na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa mara moja. Utakadiriwa kulingana na hali yenu. Utawauma, lakini hauifikii hata robo ya gharama hii."

"Na huo nao niutoe wapi leo?"

Wakwezi walioandamana nao walikuwa wamesimama kando. Ruqaiya aliuona mfuko wa kitambaa mkononi mwa ami Mujahid. Aliujua. Kila Ijumaa wakwezi walitia humo chochote walichojaliwa.

"Ami, si pesa hizo hapo?"

"Hizi haziguswi, mwanangu. Ni za sanda na maziko. Tumekuja nazo kwa sababu..."

Ruqaiya akaelewa. Walikuja kumzika baba yake! Kisha hasira ikampanda.

"Kwani kumwekea baba pesa za sanda si uchuro? Za dawa ndizo uchuro?"

"Ruqaiya! Adabu!" Mama alimkemea.

Nyuma ya mlango baba alisikika akiguna kwa maumivu. Mujahid aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akaanza kulifungua fundo la mfuko.

Mchango ulilipwa jioni ile, na baba akapasuliwa asubuhi yake. Mguu uliokolewa, ingawa daktari alisema minazi ndiyo basi tena. Bima ililipa upasuaji na kitanda. Nauli na magongo walijilipia wenyewe.

Wakwezi walipokuja kumjulia hali hospitalini, walimkuta Jedida kando ya kitanda. Baba mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Dada yangu, niwie radhi," alimwambia. "Waandikishe hawa."

Mmoja wao akaguna, "Uchuro huo, Mahadhi."

"Uchuro?" Sauti ya baba ilikuwa dhaifu, lakini kila mtu aliisikia. "Mimi sikuweka bima, na mwaniona nilipo. Bima haimwiti mgonjwa. Ugonjwa huja wenyewe, ukukute umejiweka tayari au hujajiweka, basi. Miaka yote hii tumewekeana pesa za kuzikana, na za kuponyana hatukuweka hata shilingi, na mimi nilikuwa wa kwanza kukataa. Mtoto ndiye aliyeliona hilo. Haya, toeni vitambulisho, na mchango mwanze kuuweka Ijumaa hii. Wake zenu wasije wakakaa kwenye benchi lile."