Unga wa Kidirisha cha Nyuma

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, Kadidja alikuwa amekwisha kuwasha moto na mama yake anakanda unga wa ngano. Mikate ya Mama Kadidja, ile midogo ya kukaangwa kwa mafuta, ilijulikana mtaani kote. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakitawala Kongo. Wakubwa waliuita mji wetu Stanleyville, nasi tuliuita Kisangani kama siku zote.

Kisha ikaja asubuhi ambayo moto haukuwashwa. Unga wa ngano uliuzwa katika duka moja kubwa karibu na bandari, na duka hilo lilikuwa na njia mbili. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele, wakapimiwa kivulini. Waafrika walisimama nyuma, jua liwake au mvua inyeshe, wakapokea vitu vyao kupitia kidirisha kidogo. Siku Mama Kadidja alipomwona mwanamke mjamzito akianguka kwa jua pale nyuma, aliwakusanya wanawake wa mtaa akawaomba wasinunue kitu katika duka lile mpaka wafunguliwe mlango wa mbele. Wengine, kwa hasira, walitaka kuvunja vioo.

"Hapana," aliwaambia. "Hatutapiga mutu, hatutatukana mutu. Tutakataa tu kununua. Na mimi njo nitaanza."

Yeye ndiye aliyeanza kweli. Biashara yake ya mikate ilikufa. Polisi walimfunga siku kadhaa wakimtaka awarudishe wanawake kidirishani. Akatoka na homa, lakini neno lake halikubadilika. Bangili za fedha alizorithi kwa mama yake, ambazo Kadidja alijua zitakuwa zake siku ya harusi, aliziuza ili wenzake wenye watoto wadogo wapate chakula. Kadidja alinung'unika moyoni. Kwa nini kila mara atoe mama yake tu?

Homa ikazidi. Mama akaletewa sombe, yale majani ya muhogo, na wali, hakutaka. Akaletewa ndizi, hakutaka. Kadidja aliingiwa na hofu. Alikumbuka jinsi mama yake alivyopenda mkate wa moto na chai, basi akachukua sarafu zilizobaki kikoponi, akazunguka nyuma ya duka, akaingiza mkono kidirishani. Mwenye duka, ambaye wote walimwita patron, alimtambua. Alitabasamu na kumpimia unga mwingi kuliko aliolipia. Kadidja alifurahi, maskini, asijue kwamba ukarimu ule ulikuwa na mkia.

Alirudi nyumbani, akakanda, akakaanga. Lakini mtaa mzima ulikuwa umekaa majuma mengi bila kunusa ngano, na harufu haina adabu, haipigi hodi. Ilimfikia Mama Julienne, jirani yao, mke wa mvuvi wa maporomoko ya Wagenia. Naye alikuwa ndiyo kwanza anatoka mjini na habari mbaya. Patron alikuwa akiwatangazia wapita njia kwamba Mama Kadidja mwenyewe amemtuma mtoto wake kununua unga, sasa wengine wanangoja nini? Wanawake kadhaa walikuwa wamekwisha kushika vikapu. Mama Julienne aliingia akayasema yote hayo mbele ya mgonjwa.

Mama Kadidja aliisukuma kando sahani ya mikate.

"Kadidja, hii unga umeitosha wapi?"

Kadidja alitaka kusema amepewa na mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikatika kabla hajapiga hatua, kwa maana mama yake alimtazama bila hasira yoyote. Akaeleza yote huku akilia.

Mama hakumpiga. Alijifunga kitenge, akajikongoja hadi uwanjani ambako wanawake walikuwa wanabishana. Aliwaambia kwamba kosa limetoka nyumbani kwake, kwa hiyo ni lake, na wakitaka wamchague kiongozi mwingine. Mmoja akasema kwa uchungu kwamba wamedanganywa. Kadidja angeweza kunyamaza, maana mama yake alikuwa amekwisha kumfunika. Lakini alihisi kwamba aibu ya uongo ni mbaya kuliko aibu ya ukweli.

"Mama hakunituma," alisema. "Ni mimi. Alikuwa anaumwa, nikaogopa atakufa. Munisamehe."

Mama Julienne akauliza kama kuna unga uliobaki, akajibiwa kwamba upo.

"Bon, basi," akasema. "Tuirudishe. Kwa mulango ya mbele."

Walikwenda wote, Mama Kadidja akiegemea bega la Mama Julienne. Hakuna aliyepaza sauti wala aliyeokota jiwe, na polisi waliosimama ng'ambo ya barabara hawakuona la kukamata. Kadidja alitangulia kuingia. Aliuweka unga juu ya meza ya duka, wala hakudai sarafu zake. Patron aliwatazama wanawake waliojaa barabara, kisha akatazama magunia yake ambayo, kwa kukosa wanunuzi, yalikuwa yameanza kuingiwa na wadudu. Juma lililofuata kidirisha kilipigiliwa mbao, na mlango wa mbele ukawa wa kila mtu.

Siku ya kwanza ya kununua ndani, Mama Kadidja, ambaye homa ilikuwa imemwacha, alinyoosha mkono kupokea unga. Kadidja aliuona ule mkono mtupu, usio na bangili, na safari hii hakunung'unika. Alijaa shukrani mpaka machozi yakamtoka.

"Aksanti, mama," alisema.

Mama Julienne alimshika bega. "Mutoto wangu, mama yako alitoa kazi yake, bangili zake na afya yake. Hakuomba mutu atoe kitu yeye hakutoa kwanza. Na wewe ulikubali kuona haya mbele ya watu ili ukweli usimame. Haki inatafutwa hivi, kwa ukweli, na mikono bila jiwe. Usisahau."

Kesho yake alfajiri Kadidja aliwasha moto. Mkate wa kwanza alimpa mama yake, na mama akaula wote.