Kliniki ya Mkono Juu

Jumamosi duka kubwa la mjini hufurika kana kwamba kesho kula kutapigwa marufuku. Kwenye foleni ya malipo, katikati ya vikapu na watoto wanaolilia biskuti, alisimama mwanamume mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata. Viatu vilimeta. Shavuni alikuwa amejibandika mfuko wa barafu, na mkono wa pili umeshika pakiti ya karafuu.

Nyuma yake alikuwa daktari wa meno, gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, nywele kazifunga juu, kakumbatia boksi la taa za mwanga wa manjano. Hakukusudia kusema neno. Lakini shavu lililovimba kwake ni kama kibao cha barabarani. Akiliona lazima alisome.

"Samahani kaka. Hilo ni gego la chini, la mwisho mwisho. Karafuu zitalidanganya tu."

Mwanamume akageuka. "Gego gani, dada? Nimeng'atwa na mbu."

"Mbu gani huyo, ana ukubwa wa kuku?"

Foleni nzima ikacheka, keshia akiwa wa kwanza. Daktari akashtuka, sauti ile anaijua. Ndiyo iliyokuwa ikitangaza mpira redioni kila wiki, na mji mzima ulimwita mwenye nayo Kipaza.

"Kumbe ni wewe!"

"Leo ni Kipaza kibovu," akasema yule bwana, akijaribu kutabasamu kwa upande mmoja.

Daktari akachomoa kadi mfukoni. "Njoo, niko juu ya duka la vitambaa. Kwangu hakuna anayeshikwa kwa nguvu."

"Nitakupigia. Lakini ni kwa mazungumzo tu. Mdomo wangu simfungulii mtu."

Kweli akapiga, siku ya pili tu.

"Halo, hapo ni kliniki?"

"Ni kliniki. Nani mwenzangu?"

"Yule aliyeng'atwa na mbu."

"Karudi mbu wako?"

"Katulia. Sasa naumwa kwingine. Upande wa kushoto, chini ya mfuko wa shati."

"Huko si kwangu, kaka. Tafuta daktari wa moyo."

"Nimemtafuta. Kasema dawa yake iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa."

Shangazi yake Daktari, mama mnene wa vilemba vya rangi kali aliyekaa mapokezi, alikuwa akisikiliza bila aibu yoyote. "Mwambie aje, mwanangu," akasema. "Kwani hapa tuna foleni?"

Foleni hawakuwa nayo, na hilo ndilo lililomnyima Daktari usingizi. Alikuwa ameacha kazi kwenye kliniki kubwa ya mzee mmoja ambaye wagonjwa walimpachika jina la Mzee Koleo. Kule mtu aliingia, jino likatoka, akaitwa mwingine. Daktari hakuiweza kazi ile. Utotoni alishikwa mikono na miguu na wauguzi wawili wakati anang'olewa, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyeacha hata kidogo. Akaapa kwamba siku akiwa na chumba chake, mambo yatakuwa mengine.

Na yalikuwa mengine. Kuta alizipaka rangi ya jani bichi. Vyuma alivifunika kwa kitambaa. Mgonjwa alianza kwa kukaa kwenye meza ya kawaida, wakaongea, akauliza anachotaka. Kiti kikubwa kilikuja baadaye. Juu ya yote ilikuwepo sheria moja: ukiinua mkono, naacha. Hapo hapo. Hata kama nimebakiza unywele.

"Watu wanakuja kung'olewa, binti, hawaji kupiga soga," Mzee Koleo alimwambia siku ya kuagana. "Mwaka ukiisha utarudi. Kiti chako nakutunzia."

Kipaza akawa mgeni wa kila siku. Alileta matunda, akakaa mezani, akapiga domo. Jino lilikuwa limetulia, kama yanavyofanya meno yenye hila, na kile kiti kikubwa alikizunguka kama mbuzi anavyozunguka dimbwi. Lakini alijua kumchekesha mtu. "Daktari anaukokota mswaki," alitangaza, ngumi mdomoni kama kipaza sauti, "anampiga chenga mdudu wa kwanza, anampiga chenga wa pili, Shangazi yuko golini anasinzia..."

"Nani anasinzia, we mtoto?"

Daktari alicheka mpaka akafuta machozi. Siku moja akajikuta anapaka wanja kabla ya kwenda kazini. Shangazi aliona, akajikohoza tu.

Mwaka ukakaribia kwisha, na wagonjwa bado wa kuokoteza. "Mzee Koleo kanipigia," Daktari alimwambia Kipaza. "Mkataba wa chumba ukiisha, sijui kama nitaweza kuendelea."

"Niachie mimi, kipenzi."

"Nikuachie nini?"

Kipaza akakonyeza jicho.

Jumamosi ile, wakati wa mapumziko ya mchezo, akanguruma redioni: "Jino linakusumbua? Juu ya duka la vitambaa! Dakika tano tu, umemaliza, husikii kitu!"

Jumatatu asubuhi ngazi hazikupitika. Watu walijaa mpaka mlangoni kwa mwenye vitambaa, wakisukumana na kuulizana nani alitangulia. "Dakika tano zimepita!" mmoja alifoka. Meza ya mazungumzo ikageuka mahali pa kuwekea mikoba. Daktari akakimbizana nao, huyu atoke, yule aingie, jasho linamchuruzika. Ilipofika saa sita alikuwa ameinama juu ya mama mmoja muuza maua, mashine inalia, masikio yake yako nje kwenye foleni. Mama yule akainua mkono.

Daktari aliuona. Akaendelea.

Alasiri, watu walipotawanyika, Kipaza aliingia na koti jeupe, uso unawaka kwa furaha. "Umeona, mpenzi? Uwanja umejaa! Na Jumamosi nitarudia, nitasema dakika nne, halafu tutafute chumba kikubwa zaidi, tuweke viti..."

Daktari alikuwa ameinua mkono. Kipaza hakuona, au aliona akapita. Aliendelea na viti, akaendelea na bango, akafika mpaka kwenye nyimbo za matangazo, ndipo akasita.

"Mbona umeinua mkono?"

"Tangu ulipoingia mkono wangu uko juu." Akaushusha. "Leo mama mmoja kaniinulia wake, nikauona, nikaendelea. Unajua maana yake? Nilimkimbia Mzee Koleo, wewe umemleta ndani ya chumba changu. Umemvalisha gauni langu."

"Nilitaka upate watu!"

"Nilikuwa na kliniki ndogo. Sasa nina kituo cha basi. Nenda, tafadhali."

Akaenda. Kesho yake Daktari alimfuata muuza maua kwenye genge lake, akamwomba radhi mbele ya wateja. Kisha akarudisha meza yake na mwendo wake wa taratibu, na wale wa dakika tano wakashuka ngazi wakinung'unika. Kliniki ikawa kimya kuliko mwanzo.

"Kipaza anapiga tena," Shangazi alisema.

"Mwambie nina mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Niongope na utu uzima huu?"

Jumamosi Shangazi akafungua redio bila kuomba ruhusa. Sauti ikatoka, lakini haikunguruma.

"Wasikilizaji, kabla ya kipindi cha pili nina bao la kujifunga. Niliwaambia dakika tano, nikatia chumvi bila kutumwa. Pale unakaa saa nzima, na nusu yake mnaongea tu. Ukiinua mkono, daktari anaacha. Naijua sheria hiyo kwa kuambiwa, maana mimi mwenyewe, na sauti yangu hii yote, naogopa. Jino langu limeoza, nawadanganya watu kuwa ni mbu. Ukiwa na haraka, usiende. Ukiwa mwoga kama mimi, piga simu upange siku."

Daktari alijifanya anapanguza kioo. Kioo kilikuwa safi.

Jumatatu simu ikaanza kulia. Polisi mwenye mwili wa jabali aliyekuwa hacheki kwa sababu ya meno yake. Bibi harusi mtarajiwa. Mwalimu wa michezo. Dereva wa lori aliyekuja na mama yake. Mmoja mmoja, wote waoga, wote wakaelekezana kwa "kliniki ya mkono juu," na mwenye nyumba akaleta mkataba wa mwaka mwingine. Mzee Koleo naye alipiga. "Binti, kiti chako nimempa mtu." Akashusha sauti. "Na... nafasi unayo lini? Nina jino."

Alhamisi Shangazi akatangaza mgonjwa anayefuata huku akiuma mdomo asicheke: "Bwana Mbu."

Kipaza aliingia na lile shati la bluu, shavu limevimba upya. Wakakaa mezani.

"Unaogopa nini?" Daktari aliuliza, uso wa kazi.

"Sindano. Halafu mashine. Lakini wa kwanza ni wewe."

Kitini aliinua mkono kabla sindano haijamkaribia. Daktari akaacha. Akainua tena. Akaacha.

"Sasa nini?"

"Nilitaka kuona kama kweli unaacha." Akaurudisha mkono kitini. "Mimi siku ile sikuacha. Nisamehe, Daktari."

Daktari alimdunga taratibu, akangoja ganzi ishike, akamjaza pamba. Na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Kipaza alikuwa hawezi kusema.

Daktari akaweka mashine chini.

"Leo natangaza mimi," akasema. "Kliniki hii nimeijenga nilivyotaka. Nyumba nayo nataka niijenge hivyo hivyo, mtu akiinua mkono mwenzake anaacha. Nataka niijenge na wewe, na makelele yako. Nimekusamehe. Sasa nakuuliza kama utanioa. Kama hutaki, sheria unaijua."

Nje ya mlango kiti cha mapokezi kililia. "Kainua?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mtaa wa pili.

Kipaza alimtazama Daktari, macho makubwa, pamba zinachungulia mdomoni. Kisha akaitoa mikono yake yote miwili juu ya kiti, akaisukuma chini ya mapaja, akaikalia kwa uzito wake wote.