Justina wa Lango la Bunge

Asubuhi za kijiji cha Endagikot huanza ndani ya ukungu. Ukungu hushuka taratibu kutoka vilimani. Hufunika mashamba ya maharage, hufunika mazizi, na sauti za watu husikika wenyewe wasionekane. Fransiska alipenda sana saa hiyo. Alikuwa akikamua ng'ombe huku amefumba macho nusu, akiota ingawa hakuwa amelala.

Alichokiota kilikuwa kilekile kila siku. Alimwona binti yake Justina akitembea juu ya zulia, ndani ya jumba lenye taa nyingi. Watu wakubwa walimpisha njia. Justina alikuwa askari polisi Dodoma. Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinafika vijijini. Siku moja Justina alipiga simu akasema, "Mama, nimepangiwa kazi bungeni." Mengine yote Fransiska aliyajaza mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, ndani ya ukungu.

Kisha Evarist, jirani yake, akaenda Dodoma kuuza vitunguu saumu. Aliporudi alipita kwa Fransiska.

"Mama Justina, nimemwona mtoto wetu."

"Umemwona? Yukoje?"

"Mzima kabisa. Amesimama kwenye geti la Bunge juani, anakagua mikoba ya watu." Evarist akacheka. "Kumbe ni bawabu! Na sisi tulidhani anakaa na wabunge."

Fransiska alicheka pia, lakini moyo ulimwuma. Tangu siku hiyo, watu walipomwuliza habari za Justina, alijibu haraka, "Hajambo," kisha akageuza mazungumzo.

Miezi ikapita. Kikundi cha akina mama wakulima kikaalikwa kutembelea Bunge. Fransiska alikuwa mmoja wao. Alichemsha viazi vitamu, akajaza chupa ya asali, akavipanga kwenye kikapu. Gari lilipoteremka kutoka Mbulu, alisinzia. Kila alipofumbua macho aliona nchi nyingine: mashamba, kisha vichaka, kisha udongo mwekundu na anga pana. Alihisi kama anaelea. Katika usingizi ule, zulia na taa vilimrudia.

Walipofika, alimwona Justina kwa mbali. Alikuwa kwenye mlango wa wageni, amevaa sare iliyonyooshwa vizuri, jasho likimtoka. Mbele yake wageni walikuwa wakifungua mikoba.

"Hata kikapu changu mwanangu atakipekua?" Fransiska aliwaza. "Mbele ya wenzangu?"

Akachepuka polepole. Karibu na ukuta palikuwa na kichaka cha maua. Alikiweka kikapu pale, akakifunika kwa kanga, akarudi kwenye foleni mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," alisema Justina akitabasamu.

"Marahaba."

"Karibu. Nyoosha mikono kidogo, nikukague."

"Mimi? Mama yako?"

"Ndiyo, mama. Wote tunakaguliwa."

Fransiska alinyoosha mikono. Uso ulimwaka moto.

Ndani ya uzio walipokewa na mhudumu wa Bunge aitwaye Yoakimu, mwenyeji wa Katesh. Alikuwa akiwaelekeza jinsi ya kukaa kwenye ukumbi wa wageni. Wakae kimya, wasipige makofi, wazime simu. Kabla hajamaliza, filimbi ikalia.

"Rudini nyuma! Rudini nyuma wote!" sauti ziliita.

Wageni walisogezwa mbali. Askari walizuia njia. Fransiska alichungulia kupitia vyuma vya uzio. Nje, watu wote walikuwa wameondoka karibu na ukuta. Uwanja ulikuwa mtupu na kimya, kama mahali pa ndotoni. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki kati ya watu na kile kichaka. Alikuwa Justina. Amenyoosha mikono yake miwili, anazuia watu wasisogee, na nyuma yake kuna kitu kilichofunikwa kanga.

"Kuna nini?" mama mmoja aliuliza.

"Kuna mzigo umeachwa," Yoakimu alijibu. "Hatujui una nini. Unaweza kuwa nguo tu. Unaweza kuwa bomu."

"Na yule binti? Mbona yeye hakimbii?"

"Yeye ndiye anayelinda, mama. Akikimbia, nani atawazuia watu wasiusogelee?"

Fransiska alimshika Yoakimu mkono.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "kikapu kile ni changu. Ni viazi tu. Viazi na asali."

Yoakimu alimpeleka mbio kwa mkuu wa askari. Hawakumtukana. Walimwuliza alichoweka na mahali alipokiweka. Hata hivyo, mtaalamu alikwenda kukichunguza kikapu kwa uangalifu mpaka akajiridhisha. Muda wote huo Justina hakushusha mikono.

Baadaye walikaa kivulini, mama na mtoto, na Yoakimu pembeni yao.

"Mama, kwa nini ulikificha?" Justina aliuliza.

"Niliona aibu."

"Aibu ya viazi?"

"Hapana." Fransiska alitazama chini. "Aibu ya kazi yako."

Justina akasema, "Mama, kingekuwa kitu kibaya, kisingeniuliza kama mimi ni mbunge au bawabu."

Fransiska alianza kulia. Yoakimu akamwambia kwa upole, "Mama, mbunge wako anakusemea wewe. Akitishwa akaogopa, ni wewe uliyenyamazishwa. Ndiyo maana pana askari hapa. Wanamlinda wa chama hiki na wa chama kile, hawachagui. Na hawako peke yao. Kuna wa zimamoto, kuna wauguzi, kuna wafagiaji wanaoingia kabla ya wote, kuna wanaoandika kila neno linalosemwa. Wote hao hutawaona wakihutubia. Lakini wasipokuwapo, Bunge halikai."

"Nifanye nini sasa?"

"Usiache mzigo peke yake. Ukiuona wa mwingine, usiuguse, mwite askari. Na ukikaguliwa, kubali kwa moyo mweupe."

Jumapili iliyofuata kanisani, baada ya ibada, Fransiska aliomba nafasi ya kusema. Ukungu ulikuwa bado haujatoka madirishani.

"Nilikuwa nikiificha kazi ya mwanangu," alisema. "Leo nasema wazi. Mwanangu Justina ni askari wa lango. Nimemwona akisimama kati ya hatari na watu asiowajua. Namshukuru yeye na wenzake wote."

Akasimulia yote, hata habari ya kichaka. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Evarist aliinamisha kichwa. Siku hiyo walikubaliana wampokee Justina kwa heshima atakapokuja likizo. Walipompokea, wazee walimketisha mbele, wakampa debe la asali akagawane na askari, wauguzi na wafagiaji wenzake.

Mwaka uliofuata Evarist naye alialikwa bungeni. Kisu alichozoea kutembea nacho alikiacha nyumbani, akafungua mkoba wake kabla hajaambiwa. Aliporudi Endagikot, alikwenda moja kwa moja kwa Fransiska, kifua mbele.

"Mama Justina! Mtoto wetu amenikagua mwenyewe. Hata kofia alinivua!"

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisimama wima," alisema Evarist, "nikamwambia, asante, afande."