Pasi Iliyosikiliza Pombe

Mbarushimana hakuwa na saa. Sumaku aliyoibeba ingeiua. Hakuwa na kadi ya benki, kwa sababu hiyo hiyo. Hakuwa na bastola. Glock yake ilibaki garini, kwa maana chuma na sumaku ile havikai kikapu kimoja. Hakuwa na mwenzake ndani ya ua. Hakuwa na mwaliko wa arusi.

Na bibi arusi alikuwa binti yake.

Umutoni hakulijua hilo. Alilelewa na mjomba huko Bukavu, akaambiwa baba alikufa. Idara ya ujasusi ilitaka hivyo, na Mbarushimana alikubali. Sasa familia ilikuwa imerudi Gashonga, na yeye ameketi nyuma ya nyumba yao, kibandani, akijifanya mpiga pasi wa kukodiwa.

"Pasi, unanipata?" Sauti ya Umurerwa, mkuu wake, sikioni. Alikuwa ndani ya Hilux, barabara ya Mururu.

"Nakupata."

"Kilipuzi cha majimaji. Kimefichwa kwenye pombe. Wanamtaka baba wa bwana arusi."

Baba huyo alikuwa mkuu wa forodha mpakani. Alikuwa amewafungia njia walanguzi wa dhahabu.

"Tuwaondoe watu."

"Tukipiga kelele, mwenye kilipuzi atabonyeza simu. Tafuta kidumu. Kisha mtu wake."

Mbele yake palikuwa na pasi mbili. Moja ya mkaa, ya moto. Ya pili baridi, na ndani yake ile sumaku. Hiyo ya baridi ndiyo iliyokuwa silaha.

Kiini cha hidrojeni huzunguka kama pia ya mtoto. Kitie kwenye sumaku, kipige kwa mawimbi ya redio, nacho kitaitika. Mashine za maabara hutaka sumaku iliyo sawa kila upande, kwa hiyo ni kubwa kama chumba. Ya Mbarushimana haikuwa sawa. Nguvu yake ilipungua kadiri ilivyokwenda mbali na uso wa pasi, na kwa hiyo kila kina kiliitika kwa mlio wake. Kasoro hiyo ndiyo ilikuwa ngazi. Aliweza kushuka ndani ya plastiki, kidole kwa kidole, bila kufungua kifuniko.

"Papa, angalia vizuri, usichome nguo yangu."

Aliinua macho. Papa, kama aitwavyo mzee yeyote. Umutoni alikuwa amesimama na mushanana, vazi la sherehe la kubadilisha, la rangi ya dhahabu. Alikuwa na paji la uso la mama yake.

"Sitaichoma," alisema.

Umutoni akaenda zake.

Vidumu vya urwagwa, pombe ya ndizi, vilipangwa karibu na jiko. Mbarushimana aliibeba pasi baridi, akaiegemeza kwenye cha kwanza. Sikioni, mlio mrefu. Pombe. Akashuka kina. Pombe. Cha pili, vilevile.

"We Mzee!" Mukandekezi, mpishi mkuu, alishika kiuno. "Unapigia pombe pasi? Iko na mikunjo?"

Wanawake wakacheka.

"Maman, niko napumuzisha tu mukono. Pasi ni nzito."

"Mukono gani? Batu ba siku hizi, kazi kidogo, pumuzi mingi!"

Kidumu cha mwisho. Juu, pombe. Kidole kimoja ndani, pombe. Vidole viwili, mlio ukakatika upesi, kama kikohozi.

Hiyo haikuwa pombe. Kulikuwa na chombo ndani ya chombo.

"Maman, hiki ni cha nani?"

"Cha Papa Tuyisenge, ule wa malori. Yeye mwenyewe ameshaonja mbele ya bazee."

Bila shaka ameonja. Anayeleta pombe huionja kwanza, ionekane haina sumu. Na ya juu ilikuwa pombe safi.

Tuyisenge alikuwa amesimama. Simu mkononi. Anaaga, anaelekea langoni.

Mbali mno kumkimbilia.

Mbarushimana alipaza sauti. "Maman Mukandekezi! Papa Tuyisenge anaenda bila agashinguracumu!"

Kelele zikalipuka. Mgeni aende bila kinywaji cha kuagia? Katika nyumba hii?

"Haiwezekane!" Mukandekezi alimshika mkono. "Utatupatisha haya, Papa!"

"Niko na haraka, Maman."

"Haraka ya nani? Ikala!"

Wakamketisha. Kando ya kidumu chake mwenyewe. Umutoni akaleta kibuyu na mrija, akapiga goti mbele yake kwa heshima. Jasho lilimtiririka Tuyisenge hadi kwenye kola.

Mbarushimana aliinama, kama mtumishi.

"Nishikie simu, Papa. Itamwagikiwa." Kisha, polepole: "Au bonyeza. Tuko wote hapa."

Simu ikaingia kiganjani mwa Mbarushimana.

"Hilux, njooni."

Vijana wawili waliovaa suti waliingia wakitabasamu. Mmoja alibeba kidumu: pombe hii imeharibika, tunaibadilisha. Mwingine alimkumbatia Tuyisenge begani, akatoka naye. Ngoma hazikusimama.

Mbarushimana alimaliza kuunyoosha mushanana. Akaukunja. Akauacha mezani.

"Kazi safi," alisema Umurerwa. "Rudi nyumbani."

"Wapi?"

Alichomoa redio sikioni.

Alitoka langoni bila haraka, pasi mbili mikononi.

Asubuhi, posta ya Kamembe, aliandika: *Umutoni, mimi ndiye niliyekunyooshea nguo. Mimi ni baba yako. Sikufa. Nilikubali waseme nimekufa, na sikupaswa kukubali. Ukitaka kunijibu, nitakuwepo. Usipotaka, nimekuona, inatosha.*

Haikutosha. Lakini aliiacha hivyo.

Nyuma ya bahasha aliandika jina lake la kweli na anwani, kosa ambalo idara haisamehe. Akailamba gundi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akamkabidhi karani.

"Ya haraka, Mzee?"

"Imechelewa sana," alisema. "Itume."

Muhuri ukagonga.