Nyundo na Mfumo wa Bure

Kila alipotoka shule, Kidoti alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa kompyuta. Shangazi alikuwa miongoni mwa watu waliojitolea kutengeneza mfumo wa kompyuta ambao yeyote angeweza kuutumia bure, na hata kuurekebisha. Kazi ya Kidoti ilikuwa kujibu maswali ya wageni kwenye jukwaa lao la mtandaoni.

Ingekuwa kazi tamu, kama si mtu mmoja aliyejiita Nyundo. Mgeni akiuliza swali tu, Nyundo huyo! "Takataka! Mfumo wa wavivu!" Kila siku, bila kuchoka wala kuona haya.

"Yamenifika hapa!" Kidoti alisema, akijishika shingo. "Leo nampa vidonge vyake." Akaandika matusi mistari kumi.

"Na yule mwalimu mwenye printa iliyogoma umemjibu?" Shangazi aliuliza.

Kidoti aligeukia tena skrini. Mwalimu alitaka kuchapisha mitihani ya kesho, na sasa alikuwa ameandika: "Naona hapa ni matusi tu. Naondoka."

Kidoti akafuta matusi yote kabla ya kuyatuma, akamwomba mwalimu radhi, akamweleza hatua kwa hatua la kufanya.

Ndipo akarudi kwa Nyundo. Chini ya kila ujumbe, jukwaa lilionyesha mfumo ambao mwandishi anautumia. Kidoti akatazama, akaangua kicheko. Nyundo alikuwa akitumia mfumo wao!

Akaandika: "Ndugu Nyundo, asante kwa kututukana kupitia mfumo wetu. Tumefurahi kuona kibodi yako haina tatizo lolote. Kuna kingine kinachokusumbua?"

Jukwaa zima lilicheka. Nyundo akajibu: "Kompyuta yangu haitoi sauti. Niliuliza mwezi uliopita, hakuna aliyenijali."

"Jamani! Si angesema tu!" Kidoti alilalamika, lakini akamsaidia.

Jioni mwalimu aliandika kwamba mitihani imetoka yote. Nyundo naye akaandika: "Sasa sauti ni kubwa mno. Takataka!"

Kidoti alijipiga paji la uso. Shangazi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mwanangu, anza na mwenye shida, ndipo umgeukie mwenye kelele," alisema. "Na huyo mtanie bila kumuumiza, maana huenda naye ana shida yake. Haya, mwonyeshe pa kupunguzia sauti."

Kidoti alishusha pumzi ndefu, akavuta kibodi, akaanza: "Ndugu Nyundo, karibu tena..."