Mpunga Uliotakiwa Kufa

Mwanamke akinunua kilo ishirini za chumvi sokoni Konyo Konyo, watu watamwangalia. Akiwa amevaa gauni la kitenge la kijani na mabuti ya mpira yaliyoganda tope, watamwangalia mara mbili. Viola hakujali. Alikuwa na haraka, pikipiki zilikuwa zinampigia honi mgongoni, na muuza mchele wa kona ile alikuwa anapima chumvi polepole, makusudi.

"Nyabo," alisema muuzaji, Mganda mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kama la bwana harusi, "hii chumvi yote ni ya nini? Wewe iko na maiti unataka kukausha?"

"Ni ya kuziba midomo ya wauza mchele."

"Basi naongeza kilo moja. Mdomo yangu ni kubwa."

Viola alikaza uso asicheke. Haikusaidia.

Kilo moja ya nyongeza ilimpa muuzaji huyo, Erifazi, sababu ya kupeleka mzigo mwenyewe, kwa pikipiki, kuvuka daraja hadi Gumbo. Huko, nyuma ya nyumba ya mama yake Viola, alikuta beseni kumi zimepangwa chini ya neti, maji tu ndani yake.

"Sasa niambie kweli. Chumvi itafanya nini hapa?"

"Itaua magugu, nikishapanda mpunga."

Ulikuwa uongo wa uvivu. Viola alikuwa na digrii ya kilimo kutoka Kampala. Alimtazama mtu wa magunia akaona kumweleza ukweli kutamlia mchana mzima. Ukweli wenyewe ulikuwa huu: kisima cha mama yake kilitoa maji ya chumvi, na kila mpunga uliopandwa pale ulikauka ungali mchanga. Kwa miaka minne Viola, pamoja na mradi uliomwajiri, alikuwa amechanganya mpunga wa nyumbani, mtamu lakini dhaifu, na mpunga mwekundu wa pwani ya India unaostahimili chumvi. Kizazi cha mwisho kilimpa mbegu tisini. Sitini angezitia kwenye chumvi makusudi, ili miche dhaifu ife na yeye aone iliyobaki. Mwezi wa kumi na mbili mradi ungefungwa. Asipopata mmea wa kuchukulia mbegu kabla ya hapo, miaka minne imekwenda na maji.

Erifazi hakuuliza tena. Wiki sita zote Viola alipokuwa anatafuta kipimo cha chumvi, alimletea mzigo kila Jumamosi, na siku nyingine alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali. Kwani wewe ni daktari wangu?"

"Daktari hapana. Mimi ni mchele. Siku utachoka na ugali, utanipigia."

"Mchele wenyewe umejaa mawe."

"Mawe mbili tu, habibti. Na moja nimetoa jana."

Viola alikata simu, akabaki anatabasamu peke yake mbele ya beseni.

Miche ilipochipua akaitia chumvi. Siku ya kumi na mbili ya chumvi hiyo, shangazi yake alifariki Adjumani. Viola na mama yake walifunga nyumba, na ufunguo wa uani akamwachia Erifazi.

"Kazi yako ni lango tu. Mbuzi wasiingie."

"Na magugu?"

"Erifazi, naenda kuzika. Lango tu."

Alirudi baada ya siku nne, kitambaa cheusi bado kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye beseni na daftari lake. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuhesabu miche iliyo hai. Alikuta miche sitini, na yote ilikuwa inatoa majani mapya, ya kijani. Alichovya kidole kwenye maji, akalamba. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

Alipiga simu akiwa amesimama palepale.

"Habibti! Umeona? Ilikuwa inakufa, njano, imejikunja kama sigara. Nikasema, huyu anazika shangazi, hawezi kurudi azike na mpunga. Ile dawa yako ya magugu ilizidi. Nikamwaga yote, nikaosha beseni, nikatia maji ya tangi."

"Umeosha."

"Mara mbili!"

"Erifazi, umeniua."

Alipanda bodaboda hadi Konyo Konyo bila kuvua kitambaa cha msiba. Nusu ya soko ilimsikia.

"Nilikwambia lango! Lango! Nani alikutuma kumwaga maji?"

"Nilikuwa nasaidia."

"Ule mpunga ulitakiwa ufe! Sasa miche dhaifu na imara yote inafanana. Nikiutia chumvi tena haisaidii, umri wake wa udhaifu umeshapita. Miaka minne! Wewe muuza chenga za mchele, unajua nini juu ya mpunga?"

Erifazi alitupa kikombe cha kupimia juu ya meza. Hakuwahi kumpandishia mteja sauti, hata mwizi. Siku hiyo alipandisha.

"Chenga? Sawa. Lakini nani alisema magugu? Mimi? Wiki zote nabeba chumvi yako mgongoni, unaniangalia hapa usoni, unasema magugu! Mtoto ya shule ungemwambia kweli. Mimi hapana, kwa sababu mimi iko ya kubeba tu."

"Usinigeuzie kosa!"

"Kalas, basi, Viola. Shika ufunguo yako."

Wiki tatu hawakupigiana simu. Viola alianza kununua chumvi upande wa pili wa soko, na hata huko Nakato alimfuata. Nakato, dada yake Erifazi, aliuza nyanya meza ya jirani na kaka yake, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mulamu, shemeji yangu, simama hapo. Hata salamu hakuna?"

"Mimi si shemeji yako tena."

"Nani amekuuliza? Sikiliza. Gari ya tangi ilikataa kuingia njia ya kwenu. Alibeba yale maji na jerikeni kutoka barabara ya Nimule, kutwa nzima, duka imefungwa, mpaka viganja vikachubuka. Alifanya ujinga? Ndiyo. Lakini huo ujinga wewe ndiye ulimpa. Ungempa akili, angetumia akili."

Hasira ya Viola ilikuwa palepale, ila sasa sehemu kubwa ilimrudia yeye mwenyewe, na hakupata wa kumfokea. Akamfokea mwenye kosa dogo. Alikwenda hadi duka la kona, akachota kiganja cha mchele kwenye gunia bila kuomba, akaumwaga mezani.

"Kaa chini."

"Hii ni duka yangu."

"Kaa chini, nakuomba msamaha!" alifoka.

Erifazi alikaa juu ya gunia, mikono kifuani.

"Kila mpunga unarithi jeni mbilimbili," Viola alisema, akitenganisha punje kwa kidole. "Moja ya baba, moja ya mama. Kuna moja inayofanya kazi mizizini. Inaikamata chumvi njiani isipande kwenye majani. Katika mbegu zangu, robo tu zimepata ile nzuri kwa baba na kwa mama." Alisukuma pembeni punje moja katika kila nne. "Kwa macho zote ni sawa. Chumvi ndiyo inazisema. Kwa hiyo niliiacha miche ife. Na sikukwambia kwa sababu nilijiona nimesoma. Malesh, nisamehe. Nimebaki na mbegu thelathini, na muda wa kupanda mara moja tu."

Erifazi aligusa zile punje za pembeni.

"Na hizi robo, ukizipa chumvi wakati zinachanua?"

"Nani kakwambia habari za kuchanua?"

"Miaka kumi nanunua mpunga kwa wakulima. Nimeona shamba ya kijani, nzuri kabisa, halafu masuke yote imesimama kama askari. Ukibonyeza, mapepe, ganda tupu. Chenga mtu atakula. Mapepe hata kuku hataki."

Viola alikasirika upya, safari hii kwa sababu alikuwa ameambiwa kweli. Alilijua jambo hilo tangu chuoni: jeni inayouokoa mpunga ukiwa mchanga si ile inayouokoa wakati wa maua. Alikuwa amepanga kuliruka jaribio la pili ili awahi kuandika ripoti.

"Hakuna muda," alisema.

"Wewe unataka mpunga, ama unataka ripoti?"

"Unanikera, Erifazi."

"Wewe pia. Chumvi kilo ngapi?"

Walipanda mbegu thelathini. Siku ya kumi na sita ya chumvi, miche minane ilikuwa imesimama. Mingine ilijikunja ikafa, Erifazi akiangalia, mikono imezama mifukoni. Ile minane waliihamishia kwenye ndoo za udongo. Ilipokaribia kuchanua wakaitia chumvi tena, na kila siku waligombania kipimo, mpaka mama yake Viola akahamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba. Bosi wa mradi alipiga simu kudai ripoti mapema. Viola alimjibu kwamba mpunga haupokei simu zake, na hakujuta.

Mwezi wa kumi, ndoo saba zilikuwa na masuke yaliyosimama wima, mepesi, yanachezacheza na upepo. Katika ndoo ya nane, masuke yalikuwa yameinama mpaka yakagusa ukingo.

Viola aliyavuna kwa mkono, akahesabu punje zilizojaa juu ya kitambaa, akaandika. Erifazi, shati jeupe kama kawaida, aliinama, akaokota punje moja, na kabla hajazuiwa akaiweka katikati ya meno.

"Erifazi!"

"Imejaa."

"Umekula mbegu yangu!"

"Moja tu. Muuza mchele hawezi kusema imejaa bila kuuma."

"Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili! Sasa niandike nini hapa? Imeliwa na nani?"

Erifazi alitafuna taratibu, akameza.

"Andika, imeliwa na bwana ya mwenye mpunga."

Penseli ilisimama.

"Bwana gani? Mimi nimeolewa lini?"

"Bado. Nilikuwa nangoja hii moja iiname."

"Miezi yote hii unangoja ndoo?"

"Ningeuliza mapema, ungenijibu na hasira."

"Hata sasa nina hasira!"

"Basi jibu nayo."

Viola aliinamia daftari. Akafuta kumi na mbili, akaweka kumi na moja. Pembeni aliandika maneno manne, akikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka, kisha akalisukuma daftari hadi kifuani mwa Erifazi.

"Soma."

Erifazi alisoma kwa sauti, polepole, ili na mama mkwe upande wa pili wa nyumba asikie: "Moja... imeliwa na mume."

"Na usiguse ndoo zangu tena," alisema Viola.